Mshahara Una Wenyewe

Barua ya kuacha kazi serikalini haizidi nusu ukurasa. Wengi huandika kwamba wanatoa notisi ya saa 24, kwamba watalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na kwamba wanamshukuru mwajiri kwa ushirikiano wake. Masijala inagonga muhuri, na utumishi wa miaka kumi na zaidi umekwisha kabla ya chai ya saa nne. Mjadala unaoitangulia barua hiyo ndio mrefu. Huchukua miaka, na mara nyingi anayestahili kusikilizwa kwanza husikilizwa mwisho, barua ikiwa imeshapokelewa.

Nimeuweka mjadala huo hapa kwa sauti tano. Sauti nimezitunga, hoja sikuzitunga. Ndizo zinazosikika Mbagala, Dodoma na Mwanza kila mwenye ajira ya kudumu anaposema nyumbani kwamba amechoka. Mwenye jambo ni mhasibu wa halmashauri moja jirani na Dar es Salaam, ana miaka 38, kazini ana miaka 12. Anataka kuwa fundi seremala. Waliokaa naye ni mjomba wake mstaafu, dada yake muuguzi, fundi wa Keko anayemfundisha kazi siku za Jumamosi, na mkewe, anayeuza chakula karibu na stendi ya Rangi Tatu.

MHASIBU: Mjomba, shikamoo. Nimewaita kwa sababu sitaki mlisikie jambo hili kwa watu wengine. Nimeamua kuacha kazi.

MZEE: Marahaba. Umeamua, au unatuuliza?

MHASIBU: Nimeamua, mjomba, ila nataka mnielewe. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya madawati, mnakumbuka. Mezani kwangu zilipita vocha za mamia ya madawati. Nilijua bei ya kila moja, namba ya mkataba, kodi iliyokatwa. Mwaka uliofuata nikaenda shule moja kuhakiki mali. Nikakuta madawati yamerundikwa nyuma ya darasa, mguu huku, ubao kule. Mbao zilikuwa mbichi. Zimekaukia mle darasani, zikajikunja, misumari ikachomoka. Watoto wamekaa sakafuni. Na kwenye vitabu vyangu yale madawati yalikuwa sawasawa: yamenunuliwa, yamepokelewa, yamelipiwa. Nikarudi ofisini nikajibu hoja ya ukaguzi, jibu likakubaliwa, hoja ikafungwa. Ndipo nilipoanza kwenda Keko. Mwanzo nilikuwa natazama tu, halafu nikashika randa. Leo naweza kutengeneza meza ikasimama bila kutikisika. Nataka hiyo iwe kazi yangu nikiwa bado na nguvu.

MZEE: Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 22. Nimetoka Tabora kuja Dar es Salaam, namsaidia fundi viatu mmoja Kariakoo. Kazi ilikuwepo na chakula kilikuwepo. Ukaja msako wa Nguvu Kazi. Mgambo anakusimamisha njiani: kitambulisho cha kazi kiko wapi? Msaidizi wa fundi viatu atakitoa wapi kitambulisho? Tukapandishwa kwenye lori, tukarudishwa tulikotoka, tukiitwa wazururaji, na gundi ya viatu ingali mikononi. Nilipokuja kupata ukarani halmashauri, kile kitambulisho nilikivaa mfuko wa shati, mahali pa kuonekana, miaka mingi baada ya msako wenyewe kwisha. Wewe mwanangu unaona kiti kinachokuchosha. Mimi niliona ruhusa ya kutembea mjini mchana kweupe. Nimesomesha watoto watano kwa sababu nilijua mshahara unaingia lini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MHASIBU: Mjomba, babu naye alikuwa na kitambulisho. Reli ya Afrika Mashariki, Tabora. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na miaka ya 2000 wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanakuja Dar es Salaam na mafaili yao kudai mafao. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, walioambiwa wakae nyumbani nao walikuwa waajiriwa wa kudumu. Na wewe mwenyewe ulistaafu mwaka 2021, ukapata mkupuo wako wa pensheni kwa hesabu ya asilimia 50. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2022, ile 50 ikawa 33. Watu wakalalamika, mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Huo mbacha wenyewe unakatwa pembeni tukiwa tumeulalia.

MZEE: Unakatwa, haujaondolewa. Kila mwezi simu yangu inaita ujumbe wa benki. Na baba yangu, Mungu amrehemu, hata alipokuwa anadai, alikuwa na kitu cha kudai na mtu wa kumdai. Yule fundi viatu wa Kariakoo alipopofuka macho, alimdai nani?

Swali hilo la mzee lisipitwe haraka. Wanaohimiza vijana waache kazi huzungumzia mshahara kana kwamba ni ile fedha inayoingia benki tu. Chukua mshahara wa mfano wa shilingi 1,200,000. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 kwenye mfuko wa PSSSF, yaani 60,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15, yaani 180,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 6, nusu yake, 36,000, analipa mwajiri. Hizo ni shilingi 216,000 kila mwezi ambazo mhasibu wetu hajawahi kuzishika, na kwa sababu hajazishika hazimo katika hesabu anazopiga usiku. Ili awe sawa na alivyo leo, karakana yake imletee 1,416,000 baada ya kulipa mbao, pango, umeme na kijana wa kusaidia. Deni la masomo la Bodi ya Mikopo, linalokatwa asilimia 15 kwenye mshahara, nalo halimwachi; aliyejiajiri pia anatakiwa kulipa.

Kuna jambo zito zaidi. Pensheni ya kila mwezi inataka mchangiaji awe ametimiza miezi 180. Miaka 12 ni miezi 144. Amebakiza 36. Michango yake haipotei, na sheria inaruhusu vipindi vya mifuko tofauti vijumlishwe, hivyo akijiandikisha NSSF kama mchangiaji wa hiari anaweza kuendelea pale alipoishia. Lakini asipofanya hivyo, na wengi hawafanyi, anafika miaka 60 akiwa amechangia muda mrefu na hana pensheni. Fao la kukosa ajira lililowekwa mwaka 2018 nalo halimhusu, maana ameacha mwenyewe. Hapa mimi naona sheria imekosea. Mtu aliyechangia miaka 12 kisha akaamua kufungua karakana itakayoajiri vijana wawili hastahili kupewa miezi michache ya kupumua? Tunahubiri kujiajiri kwenye kila jukwaa, kisha tunamwacha anayejiajiri aruke bila hata mkeka chini.

MHASIBU: Hesabu hizo nazijua, ni kazi yangu. Lakini nikizifuata hizo peke yake sitatoka mpaka nife. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa aliambiwa achague, siasa au ualimu, akaandika barua. Angepiga hesabu za pensheni tungekuwa wapi?

DADA: Mdogo wangu, Mwalimu aliacha darasa kwa ajili ya nchi. Wewe unaacha madawati mabovu ili ukatengeneze meza za sebule za watu wa Mbezi. Kwanza nikuulize, yule mkandarasi wa madawati, vocha yake nani aliipitisha?

MHASIBU: Mimi. Lakini mhasibu hakagui mbao, dada. Kuna kamati ya mapokezi. Kamati ikishasaini kwamba mzigo ni mzuri, mimi naangalia nyaraka.

DADA: Na kwenye kamati hiyo yuko nani anayeijua mbao mbichi kwa kuishika?

MHASIBU: Hakuna.

DADA: Sasa yuko. Wewe. Halmashauri nzima imepata mtumishi mmoja anayejua ubao na anayejua vocha, na huyo ndiye anayetaka kuondoka. Mimi nafanya kazi wodi ya wazazi. Mtoto akizaliwa hapumui, tuna dakika moja. Unamfuta, unamsugua mgongo, akikataa unamwekea kibarakoa unampulizia hewa kidogo kidogo, unatazama kifua. Kifua kikinyanyuka, hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia kwamba ajira ya serikali haina maana. Na asubuhi najaza fomu kama wewe, nagombania glovu, nasubiri kupandishwa daraja. Kazi yenye maana si lazima iwe nje ya geti. Kama watu wanaojali ndio wanaotoka, ndani anabaki nani?

MHASIBU: Hapo umenishika, dada. Nikuambie ukweli basi. Hata wakiniweka kwenye kamati hiyo, nitakuwa mtu wa kukataa. Nitakataa madawati mabovu, nitafurahi, lakini sitakuwa nimetengeneza hata kigoda. Wewe unakiona kifua cha mtoto kinanyanyuka mbele ya macho yako. Mimi miaka 12 naona karatasi inayosema kwamba mahali fulani jambo limetendeka.

Namheshimu mhasibu kwa jibu hilo, kwa sababu ameacha kujificha nyuma ya watoto wa shule. Anachokitaka ni chake: kuona kazi ya mikono yake ikisimama mbele yake. Wapo watakaouita ubinafsi. Mimi siuiti hivyo. Binadamu anayetumia saa nane za mchana wake kwenye jambo asiloliona likitendeka huanza kufifia, na kufifia huko kunarudi naye nyumbani jioni. Lakini kitu kikishakuwa chako, gharama yake ni lazima uanze kuilipa wewe, na hapo mfano wa Mwalimu unahitaji kusomwa mpaka mwisho. Nyerere hakuacha kazi akaingia hewani. Alirudi kwao upande wa Musoma miezi kadhaa, akapata riziki kwa kumfundisha mmisionari mmoja Kizanaki. Alikuwa na chama nyuma yake na alikuwa na mahali pa kurudi.

Wangari Maathai hakuwa na bahati hiyo mwanzoni. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa madai kwamba hakujiandikisha kupiga kura, akarudi chuoni kuomba kazi yake, akakuta milango imefungwa, na nyumba ya chuo akatolewa. Watoto watatu, hana mshahara. Leo tunakumbuka miti na Nobeli ya 2004, na ni kweli kwamba Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, ilipata mtu wake wa kila siku kwa sababu chuo kilimkataa. Ila mwaka ule hakuna aliyejua kwamba 2004 inakuja. Anayenukuu ushindi wake bila kuitaja nyumba aliyotolewa anamdanganya kijana. Na yuko Shaaban Robert, ambaye hatajwi kamwe katika mijadala hii: karani wa serikali ya kikoloni tangu 1926, ushuru wa forodha Pangani, kisha idara nyingine, zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya maandishi yaliyomfanya awe Shaaban Robert aliyaandika akiwa na mwajiri. Sisemi kwamba hiyo ndiyo njia bora. Huenda tulikosa vitabu vingine kumi kwa sababu ya forodha. Lakini si kweli kwamba moyo hufanya kazi tu ukishatoka ofisini.

FUNDI: Naomba niseme, wazee wangu, maana karakana inayotajwa ni yangu. Kaka huyu ana mkono. Sisemi kumpendeza. Mwezi uliopita alitengeneza kabati la droo nne. Mimi droo naijaribu hivi: naifunga ya juu taratibu kwa kidole kimoja. Kama zimekaa sawasawa, hewa inayosukumwa ndani inaitoa ya chini kidogo, yenyewe. Yake ilitoka. Nina vijana wamekaa miaka mitano kwangu, droo zao hazitoki. Kwa hiyo kazi anaiweza. Lakini kaka, wewe unaijua Jumamosi. Jumamosi mbao zimeshanunuliwa, zimeshakauka, mteja ameshalipa kianzio. Hujaijua Jumanne.

MHASIBU: Jumanne kuna nini, fundi?

FUNDI: Jumanne nimekwenda kwa wauza mbao tangu saa moja. Mninga umepanda bei, mkongo uliopo ni mbichi. Nabeba ubao naupima kwa uzito, natazama ncha kama zimepasuka, naunusa. Muuzaji anaapa umekaa miezi sita. Nikimwamini, nitafanana na yule mtu wa madawati. Nikimkatalia, sina kazi ya wiki hii, na pango halijui kwamba mbao ni mbichi. Narudi, umeme umekatika. Mteja wa kitanda anapiga simu, kianzio alilipa nusu, nusu ile nimenunulia vanishi ya mteja mwingine aliyehama bila kulipa. Masika vanishi haikauki, wiki nzima unageuza geuza kiti kama samaki. Na pale barabarani duka limeshusha fanicha za kutoka nje, zimefungwa vizuri, mbao zake unga uliobanwa kwa gundi, bei nusu ya yangu. Mteja anaziita imara. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kaka. Kupiga randa ni mapumziko yake.

DADA: Na ukiumia?

FUNDI: Vidole hivi viwili unavyoviona vifupi, dada, ni msumeno wa meza. Wiki sita sikufanya kazi. Waajiriwa wana Mfuko wa Fidia, sisi tuna majirani. Walinichangia, nikapona, nikarudi kwenye msumeno uleule. Siilaumu kazi. Naipenda, na nikiingia nyumba ya mtu nikakuta meza niliyoitengeneza miaka kumi nyuma bado inalia vizuri nikiigonga, naondoka nimeshiba. Lakini mimi sikuacha kazi kuja huku. Nilikosa kazi, ndipo nikaja. Sijui kuacha kukoje.

MZEE: Umesikia mwenyewe.

MHASIBU: Nimesikia, mjomba, na bado nataka. Mbona hamuulizi Jumanne ya ofisini ikoje?

MAMA WATOTO: Na mimi je, naulizwa lini?

Hapa wote walinyamaza, na hapa ndipo na mimi mwandishi nahamia upande mmoja. Katika mijadala ya namna hii nimesoma na kusikia mengi kuhusu ujasiri, kipaji, usalama, ndoto. Mwenzi wa mwenye mshahara hutajwa kama kikwazo au kama mshangiliaji. Huyu mama si mmojawapo.

MAMA WATOTO: Mjomba, unisamehe, nitasema kwa kirefu kidogo. Baba watoto, unasema unataka kujiajiri. Mimi nimejiajiri tangu mwaka 2014. Naamka saa tisa usiku kuloweka na kuinjika, saa kumi na moja niko stendi. Sijawahi kuona mtu ananiita jasiri. Hakuna aliyeniandikia makala. Mimi ni mama ntilie basi, kwa sababu hakukuwa na kazi niliyoiacha. Kumbe ujasiri ni wa mwenye kitu cha kuacha. Sisi tulio wengi nchi hii tuko huko unakotaka kwenda, tuliingia bila kuagwa.

MHASIBU: Mke wangu, sijawahi kuidharau kazi yako.

MAMA WATOTO: Hujaidharau, ila hujaitazama. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda bei, nilipandisha sahani, wateja wakapungua. Nikashusha, nikawa napika kwa hasara. Miezi mitatu mtaji ukaisha. Niliurudisha na nini? Na mshahara wako. Kila Januari wateja hawana hela, ada ya shule inataka hela, naurudisha mtaji na mshahara wako. Na mteja wa kitanda haji kila mwezi. Shemeji, Januari yako ikoje?

FUNDI: Shemeji, Januari tunacheza bao.

MAMA WATOTO: Umesikia, baba watoto? Januari yangu na Januari ya karakana ni moja. Leo biashara yangu ikiyumba inaegemea ukuta. Wewe ukitoka, tutakuwa na biashara mbili zinazoegemeana, na zote zinayumba mwezi mmoja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kitambulisho cha mjomba wala ndoto yako. Ndoto yako naiona. Nakuona unavyorudi Jumamosi na vumbi la mbao kwenye nyusi, unavyoongea na watoto siku hiyo, na unavyorudi Jumatatu. Unadhani sipendi yule wa Jumamosi akae nyumbani wiki nzima?

MHASIBU: Basi unataka nifanye nini? Nisubiri miezi 36 ya pensheni? Nitakuwa na miaka 41.

MAMA WATOTO: Sikukuambia 36. Mkopo wa kiwanja cha Chanika umebaki miezi mingapi?

MHASIBU: Kumi na tisa.

MAMA WATOTO: Ukiacha kazi kesho benki wanataka nini?

MHASIBU: Wanataka chao. Mkopo ule ulitolewa kwa dhamana ya mshahara.

MAMA WATOTO: Basi miezi 19 ndiyo yangu. Miezi hiyo unaingia karakana Jumamosi, na likizo yako ya siku 28 unaingia yote, uione hiyo Jumanne na Jumatano zake. Unachouza, hata kigoda, kinaingia kwenye daftari, na daftari nalisoma mimi, siyo wewe. Wewe umezoea vitabu vinavyosema madawati yapo. Tukifika mwezi wa 19 daftari likionyesha karakana inaweza kulipa chakula na ada ya muhula mmoja bila mshahara, unaandika barua na mimi naipeleka pamoja nawe. Na siku hiyohiyo unajiandikisha NSSF, ile miezi iliyobaki tunaichanga kidogo kidogo kutoka karakanani. Isipoonyesha, unabaki, na tunazungumza tena. Sitaki unichukie kwa kukuzuia, wala sitaki nikuchukie kwa kunitumbukiza.

MZEE: Na akishatoka, mambo yakamshinda? Kutoka ni barua, mwanangu. Kurudi kuna kibali, kuna usaili, na kule kwenye usaili kuna vijana wenye shahada mpya.

MAMA WATOTO: Yakimshinda, mjomba, yatatushinda wote wawili, kwa sababu tutakuwa tumekubaliana. Leo yakimshinda ni yeye aliyetuangusha. Mimi naona hiyo ni tofauti kubwa ndani ya nyumba.

Ni tofauti kubwa kweli. Mshahara wa mtumishi mmoja nchini mwetu mara nyingi ni bima ya genge la mke, ada ya mpwa, dawa za mama, na mchango wa msiba usiopigiwa hodi. Mwenye jina kwenye karatasi ya mshahara ni mmoja, wenye mshahara ni wengi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaomwambia kijana afuate moyo wake awashangaze nyumbani baadaye. Sikubaliani pia na wale wanaomfunga kwa hofu ya mwaka 1983. Nakubaliana na mama huyu kwa sababu hakusema ndiyo wala hapana: ametaja muda, ametaja kipimo, na amejiweka mwenyewe ndani ya hatari. Mhasibu alipoingia alikuwa na uamuzi. Sasa ana mshirika, na ushirika huo ameulipia kwa miezi 19 ya kukaa kwenye kile kiti. Ni bei halali, ingawa sitamdanganya mtu kwamba ni ndogo. Miezi 19 ya kujibu hoja za ukaguzi huku mkono unawasha kushika patasi ni mirefu, na wapo ambao moyo huzimika njiani wakabaki moja kwa moja.

MHASIBU: Nikikubali, kamati ile ya mapokezi nitaiomba. Dada kanichoma. Miezi 19 dawati bovu lisipite mbele yangu.

DADA: Hilo likifanyika nitafunga mdomo wangu.

FUNDI: Na likizo usije Desemba, kaka. Desemba kila mtu anadhani useremala una hela. Njoo Februari.

MHASIBU: Mjomba, unasemaje?

MZEE: Nimeshasema yangu. Mimi bado ningebaki. Ila daftari hilo na mimi mnionyeshe. Nilikuwa karani miaka thelathini na kitu, najumlisha vizuri kuliko nyie. Limebaki moja ambalo hamjaligusa. Mama yenu yuko kwenye kadi ya bima ya huyu kijana. Dawa za presha anachukua kila mwezi. Siku barua ikigongwa muhuri, kadi inarudi, na dada yangu anapanga foleni ya fedha taslimu.

DADA: Mama anahamia kwangu, mjomba. Kadi yangu ina nafasi nne za wategemezi, watoto wangu ni wawili. Tusisubiri barua, tuhamishe mwezi huu, kuna fomu na cheti cha kuzaliwa, na mambo ya fomu huchukua muda. Wifi, watoto wenu ndio sina pa kuwaweka. Hao watatu watafutieni bima ndani ya miezi hiyo 19, na gharama yake iandikwe kwenye daftari ukurasa wa kwanza, kabla ya mbao.